Jinsi ya Kujenga Taasisi ya Fikra: Mbinu za Mfuga Kuku Antony Fisher

Mtu akichoshwa na sheria mbaya, mara nyingi huona njia mbili: kugombea ubunge au kulalamika kijiweni. Ipo njia ya tatu, ya polepole kuliko zote mbili: kuunda taasisi inayotafiti, inayochapisha hoja na kuzifikisha kwa watu ambao umma huwasikiliza. Tumezoea kuiita taasisi ya fikra, au taasisi ya utafiti wa sera. Makala haya ni ya yule mwenye wazo, marafiki wawili watatu na fedha kidogo, anayejiuliza aanzie wapi.

Kielelezo chetu ni Mwingereza Antony Fisher, aliyezaliwa mwaka 1915 na kufariki mwaka 1988. Ndiye mwanzilishi wa Institute of Economic Affairs (IEA) ya London, na baadaye akasaidia kuzaliwa kwa taasisi nyingi za mlengo huo Canada, Marekani na kwingineko. Msimamo wake ulikuwa wa kilibertari: serikali iwe ndogo, bei ziamuliwe na soko, mtu aachiwe kupanga maisha yake. Huenda wewe unaupinga msimamo huo. Mbinu zake zitakufaa hata hivyo, kwa sababu nyingi zilikuwa zimeshajaribiwa na wapinzani wake.

Wapinzani hao ni Wafabian, wasoshalisti wa London waliounda chama chao mwaka 1884. Hawakupindua serikali. Waliandika vijitabu, wakafanya mihadhara, na mwaka 1895 baadhi yao wakaanzisha chuo cha London School of Economics. Mwaka 1945 Chama cha Labour kikashinda kwa wingi mkubwa wa viti, na mengi kiliyotekeleza yalikuwa yameandikwa na Wafabian miaka mingi nyuma. Mwalimu Nyerere alipokuwa akisoma Edinburgh kati ya 1949 na 1952 alikutana na fikra zao na kujenga uhusiano na ofisi yao iliyoshughulikia makoloni. Kwa hiyo Afrika Mashariki inajua, kwa upande wa ujamaa, jinsi hoja iliyoandikwa chumba kidogo London inavyoweza kuvuka bahari.

Fisher alikuwa nani

Baba yake aliuawa Gaza mwaka 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Antony na mdogo wake Basil wakasoma Eton kisha Cambridge, wakaingia jeshi la anga, na mwaka 1940 wakajikuta katika kikosi kimoja cha ndege za kivita. Mwezi Agosti mwaka huo ndege ya Basil ilipigwa, naye akafa. Antony aliondolewa kwenye mapambano, akabuni mtambo wa kuwafundisha marubani kulenga shabaha.

Mwaka 1945 alisoma katika jarida la Reader's Digest muhtasari wa kitabu cha mwanauchumi Friedrich Hayek, *The Road to Serfdom*, kinachoonya kwamba uchumi unaopangwa wote na serikali huishia kuwanyima watu uhuru. Hayek alikuwa akifundisha London School of Economics. Fisher akaenda kumwona ofisini, akamwambia anataka kuingia siasa. Hayek akamkataza. Mwanasiasa, alimweleza, hufuata maoni ambayo tayari yamekwisha kuenea. Anayetaka kubadili mwelekeo wa nchi awafikie kwanza walimu, waandishi na wahariri, na awafikie kwa utafiti.

Ushauri huo ulichukua miaka kumi kutimia, maana Fisher hakuwa na fedha za kutosha. Alikuwa na shamba Sussex. Mwaka 1952 ugonjwa wa miguu na midomo uliteketeza ng'ombe wake, akasafiri kwenda Marekani. Huko aliona mambo mawili: taasisi ya Leonard Read karibu na New York, iliyoeneza fikra za soko huria, na mabanda makubwa ya kuku wa nyama. Akarudi na yote mawili. Kampuni yake, Buxted Chickens, ilikuwa miongoni mwa zilizomfanya kuku, aliyekuwa kitoweo cha sikukuu kwa Waingereza wengi, awe chakula cha kawaida. Kuku wakalipia fikra.

Novemba 1955, Fisher na wenzake wawili, Oliver Smedley na John Harding, walitia saini hati ya kuianzisha IEA. Walikuwa na ofisi ya kuazima na kitabu kimoja walichokwisha kukitoa mwezi Juni, cha George Winder kuhusu kuruhusu paundi ibadilishwe kwa fedha za kigeni bila vizuizi. Mwandishi Henry Hazlitt alikitaja kwa sifa katika jarida la Newsweek, nakala zikaisha haraka.

Tunachoweza kuiga katika habari hii tumekipanga hapa kwa hatua.

Hatua ya 1: Amua unamwandikia nani

Kosa la kwanza la taasisi changa ni kutaka kuzungumza na "wananchi wote". Fedha hazitatosha. Fisher, kwa kumsikiliza Hayek, alichagua watu wachache ambao kila mmoja huwafikia wengine maelfu: wahadhiri, walimu wa uchumi wa sekondari, wanafunzi wa vyuo vikuu, wahariri wa kurasa za biashara.

Chukua karatasi uandike aina tano za watu wa namna hiyo katika nchi yako. Kwa Dar es Salaam au Nairobi orodha inaweza kuwa na wahariri wa uchumi, watangazaji wa vipindi vya asubuhi vya redio, wahadhiri wa sheria na uchumi, maofisa wanaozihudumia kamati za bunge, na viongozi wa vyama vya wafanyabiashara au wakulima. Kisha andika mbele ya kila aina: huyu husoma nini, saa ngapi, kwa lugha gani? Mtangazaji wa redio hatafungua andiko la kurasa 80 la Kiingereza saa kumi na moja alfajiri. Atasoma kurasa mbili za Kiswahili zenye mfano mmoja ulionyooka.

Uandishi wa Kiswahili ni nafasi iliyo wazi. Maandiko mengi ya sera katika ukanda wetu hutoka kwa Kiingereza, hukaa kwenye tovuti, na hurudi kwa wafadhili walioyalipia. Anayeandika Kiswahili kizuri kuhusu kodi, bima ya afya au ardhi hapati wapinzani wengi kwenye foleni.

Hatua ya 2: Tafuta mtendaji kabla ya kutafuta jengo

Mwaka 1949 Fisher alimsikia kijana mmoja, Ralph Harris, akihutubia mkutano. Akamfuata baadaye, akamweleza kuhusu taasisi ambayo bado haikuwepo, na kumwambia kwamba siku ikiwepo angependa aiongoze. Harris akaenda zake Scotland kufundisha uchumi Chuo Kikuu cha St Andrews, kisha akaandika tahariri za gazeti Glasgow. Fisher hakumsahau. Januari 1957 Harris alianza kazi IEA kwa saa chache, kwa mshahara wa paundi 10 kwa wiki.

Muda si mrefu akaungana naye Arthur Seldon, mwanauchumi aliyelelewa na fundi viatu mashariki ya London. Harris alikuwa msemaji, mchangamfu, mkusanya michango. Seldon alikuwa mhariri mkali anayekaa na andiko mpaka kila sentensi ieleweke. Wote wawili walitoka familia za kawaida, jambo lililokuwa na uzito: hoja ya soko huria ikitolewa na mtu wa Eton ingepuuzwa kama utetezi wa matajiri.

Fisher, ambaye ndiye mwenye wazo na aliyetoa fedha za kuanzia, akakaa pembeni. Hakuigeuza taasisi kuwa jukwaa la makala zake, wala hakuwaamulia wahariri nini kichapishwe. Hapo ndipo waanzilishi wengi wa kwetu hushindwa. Mwenyekiti ndiye mkurugenzi, ndiye mtafiti mkuu, ndiye anayehojiwa na televisheni, na mpwa wake ndiye mhasibu. Siku akipata uteuzi au akiugua, milango inafungwa.

Unapotafuta watu wako, tafuta vipaji viwili tofauti: mmoja wa kusema na kuchangisha, mwingine wa kuandika na kuhariri. Ni nadra kuvipata kwa mtu mmoja, na ukivipata, kazi itamchosha. Ukiwapata, wape uhuru kwa maandishi: katiba ya taasisi iseme wazi kwamba bodi haina mamlaka ya kuzuia andiko kwa sababu tu haikulipenda.

Hatua ya 3: Anza na swali dogo lenye bei

Mwaka 1960 IEA ilianzisha mfululizo wa vijitabu vilivyoitwa Hobart Papers, kwa jina la mtaa wa ofisi yake wakati huo. Cha kwanza hakikujadili uhuru wa binadamu. Kilijadili bei za dukani.

Wakati huo Uingereza, kiwanda kiliweza kupanga bei ambayo duka lazima liuze bidhaa yake. Mwenye duka akishusha bei, kiwanda kiliacha kumpelekea mzigo. Mwanauchumi Basil Yamey alionyesha jinsi mpango huo unavyomkamua mnunuzi. Mwaka 1964 waziri Edward Heath, akipambana na wabunge wa chama chake mwenyewe, alipitisha sheria ya kuukomesha. Hakuna anayeweza kusema kijitabu kimoja ndicho kilichopitisha sheria. Lakini mjadala ulipofika bungeni, hoja zilikuwa zimekwisha kuchapwa, kusomwa na kuzoeleka.

Swali zuri la kuanzia lina sifa nne. Linamgusa mtu mfukoni. Linaweza kujibiwa kwa takwimu unazoweza kuzipata. Kuna sheria au kanuni mahususi ya kubadilishwa. Na vyama vya siasa bado havijagawana pande juu yake. "Uchumi wa Tanzania uelekee wapi?" haina hata sifa moja kati ya hizo. "Mkulima wa korosho husubiri siku ngapi kulipwa baada ya mnada, na kuchelewa huko humgharimu nini?" inazo nne. Tozo ya miamala ya simu iliyoanza Tanzania Julai 2021 ilikuwa swali la namna hiyo: kila mwenye simu aliihisi, nayo ikaja kupunguzwa baada ya malalamiko mengi. Taasisi yenye andiko tayari wiki ile ya kwanza ingekuwa na wasomaji nchi nzima.

Hatua ya 4: Andika kwa ufupi, hariri bila huruma

Seldon aliweka kanuni mbili ambazo zingefaa kubandikwa ukutani. Ya kwanza: mwandishi afuate hoja yake mpaka mwisho, bila kujiuliza kama wanasiasa wa leo wataikubali. Kazi ya kupima kinachowezekana ni ya wanasiasa. Mtafiti akijipunguzia hoja mapema, hakuna atakayeirudishia. Ya pili: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aweze kusoma andiko na kulielewa. Waandishi walikuwa wasomi wa kweli, wengine wakubwa mno. Hayek alichapisha kupitia IEA mwaka 1976 andiko la kutaka serikali zinyang'anywe ukiritimba wa kutoa sarafu. Lakini hata msomi mkubwa alipitiwa na kalamu ya mhariri.

Kwa vitendo, weka utaratibu huu. Kila andiko lipitiwe na mtaalamu mmoja anayekubaliana nalo na mmoja anayelipinga, na majibu ya mpinzani yajibiwe ndani ya andiko lenyewe. Weka mapendekezo ukurasa wa kwanza. Eleza kila takwimu imetoka wapi. Kisha mpe mtu asiye mchumi asome kwa sauti. Palipo na kigugumizi ndipo pa kuandika upya.

Usisahau usambazaji. IEA ilikuwa na desturi ya chakula cha mchana ofisini: mwandishi wa andiko, mwandishi wa habari, mhadhiri, mbunge mmoja au wawili, meza moja. Kwetu semina imegeuka biashara ya posho na nauli, na wengi huondoka baada ya kusaini karatasi ya mahudhurio. Meza ya watu kumi, bila posho, wali na samaki wakiwepo, itakuonyesha nani amekuja kwa ajili ya hoja. Kwa waandishi wa habari vivyo hivyo: wape andiko siku tatu kabla, wape namba ya simu ya mtafiti, usiwape bahasha. Ukianza kulipa habari, hutajua tena kama andiko lako lina thamani.

Hatua ya 5: Fedha zitoke mikono mingi

Mkono mtupu haulambwi, na taasisi ya fikra haiuzi nyanya. Lakini namna unavyopata fedha ndiyo itakayoamua unachoweza kusema. IEA ilijiwekea mipaka miwili: haipokei fedha za serikali, na haifanyi utafiti wa kuagizwa. Iliishi kwa michango ya makampuni na watu wengi, na kwa kuuza vijitabu.

Faida ya mikono mingi ilionekana kwa namna ambayo Fisher hakuitarajia. Alipouza kampuni ya kuku mwaka 1968 alikuwa tajiri. Baadaye akaweka mali nyingi katika ufugaji wa kasa katika visiwa vya Cayman, kwa matumaini ya kuuza nyama na magamba. Biashara hiyo ilikwama, na sheria za kulinda kasa zikafunga soko la Marekani. Fisher alipoteza sehemu kubwa ya utajiri wake. IEA haikutikisika, kwa sababu ilikuwa imekwisha kuachishwa ziwa la mwanzilishi.

Katika ukanda wetu hatari kubwa mbili ni mfadhili mmoja wa nje na kazi za ushauri. Mfadhili mmoja akibadili vipaumbele, wafanyakazi wote wanabaki bila mshahara. Kazi za ushauri nazo hulipa haraka, lakini hula siku za watafiti, na ripoti yake ni mali ya aliyeilipia. Baada ya miaka mitano una hesabu nzuri benki na huna hata hoja moja inayojulikana kwa jina lako. Jiwekee kanuni tangu mwanzo:

- Mfadhili yeyote asitoe zaidi ya robo ya bajeti ya mwaka.
- Kazi za ushauri zisizidi theluthi moja ya muda wa watafiti, na mkataba uruhusu kuchapisha matokeo.
- Akiba ya miezi sita ya mishahara na pango iwepo kabla ya kuajiri mtu wa nne.
- Michango midogo ya ndani, hata ya shilingi elfu kumi, ipokewe na kupewa risiti. Mchangiaji wa ndani ni msomaji wa uhakika.

Subira yavuta heri, lakini subira isiyo na akiba huvuta dalali wa mahakama.

Hatua ya 6: Maliza mambo ya usajili kabla hujamkera mtu

Andiko zuri litamkera mtu mwenye madaraka, na kitu cha kwanza atakachokitafuta ni karatasi zako. Tanzania Bara, mashirika ya aina hii husajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002. Baada ya marekebisho ya mwaka 2019, kujificha ndani ya kampuni isiyo na hisa huku ukifanya kazi za NGO hakukubaliki tena. Vibali vya utafiti hutolewa na COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilikazwa mwaka 2018 na kulegezwa mwaka 2019, hivyo mwanasheria wako asome toleo la sasa kabla hujatangaza matokeo ya utafiti wa maoni. Kenya, sheria ya mashirika ya manufaa ya umma iliyopitishwa mwaka 2013 ilianza kutumika Mei 2024, na leseni za utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya sayansi ya huko.

Hili si woga. Julai 2018 shirika la Twaweza lilitoa matokeo ya kura ya maoni yaliyoonyesha kushuka kwa umaarufu wa rais. COSTECH ikaliandikia ikitaka maelezo kuhusu kibali, na mkurugenzi wa Twaweza akanyang'anywa pasipoti. Jadili mapema, bodi nzima ikiwepo: siku barua kama hiyo ikifika, nani anaijibu, ndani ya saa ngapi, na nyaraka ziko kabati gani?

Hatua ya 7: Kaa mbali na madaraka, weka wafadhili hadharani

Hapa Fisher anatufundisha kwa mafanikio na kwa dosari pia.

Mafanikio ni umbali. IEA haikuwa tawi la chama. Ilihutubia Wahafidhina, Waliberali na wa Labour waliokuwa tayari kusikiliza. Mwaka 1974 wanasiasa wa Kihafidhina Keith Joseph na Margaret Thatcher walipotaka chombo cha kukisaidia chama chao, walianzisha kingine, Centre for Policy Studies. Thatcher alipokuwa waziri mkuu mwaka 1979 alimfanya Harris kuwa Lord, lakini Harris aliendelea kuisema serikali ilipokwenda kinyume na hoja zake.

Dosari ya kwanza ilikuwepo tangu mwanzo. Smedley alimwandikia Fisher akimshauri kwamba machapisho yao yasionyeshe kuwa wana mwelekeo wa kisiasa, na kwa sababu hiyo malengo ya taasisi yakaandikwa kwa maneno ya tahadhari. Taasisi ikajitambulisha kama ya utafiti mtupu wakati waanzilishi wake walijua wanakotaka kufika. Baadaye likaja suala la wafadhili. IEA haikuwa ikiwataja, na ilipobainika kwamba miongoni mwao ilikuwemo kampuni ya tumbaku ya British American Tobacco, kila andiko lake kuhusu sigara lilianza kusomwa kwa jicho la shaka. Huenda hoja zilikuwa za dhati. Hakuna tena aliyeweza kuthibitisha.

Dosari ya pili ni ya kizazi kilichofuata. Septemba 2022 serikali ya Waziri Mkuu wa Uingereza Liz Truss ilitangaza punguzo kubwa la kodi ambalo viongozi wa IEA walilishangilia. Masoko ya fedha yakayumba, Truss akaondoka baada ya siku 49, na lawama zikaigusa taasisi pamoja na yeye.

Basi fanya kinyume chake. Andika msimamo wako ukurasa wa kwanza wa tovuti: sisi tunaamini hivi. Msomaji hachukii mwenye msimamo, anachukia kudanganywa. Chapisha kila mwaka orodha ya wafadhili na kiasi walichotoa, pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Mfadhili asiyetaka kutajwa, mshukuru na umrudishie hundi. Na waziri akilisifu andiko lako, mtu wa kwanza wa kumpigia simu awe mhariri wa gazeti la upinzani.

Hatua ya 8: Pima kwa miaka, si kwa warsha

Kati ya hati ya 1955 na ushindi wa Thatcher ni miaka 24. Kwa Wafabian ilikuwa zaidi ya 60. Hakuna mfadhili atakayesubiri hivyo bila kuona chochote, kwa hiyo unahitaji vipimo vya katikati vyenye ukweli. Idadi ya warsha na washiriki si kipimo. Hesabu haya badala yake: maandiko yaliyowekwa kwenye orodha ya kusoma ya chuo, mara ambazo mtu usiyemjua amekunukuu, hoja yako kutumiwa na kamati ya bunge, hata bila kutajwa, mpinzani aliyeona unastahili kujibiwa kwa maandishi. Hiki cha mwisho ndicho kipimo chenye nguvu kuliko vyote, maana hakuna anayepoteza karatasi kujibu hoja dhaifu.

Hatua ya 9: Zaa nyingine, kisha ondoka

Katika miaka ya 1970 Fisher alikwenda kuiimarisha Fraser Institute ya Vancouver, akashiriki kuanzisha huko New York taasisi ambayo leo inaitwa Manhattan Institute, na nyingine San Francisco. Mwaka 1981 akaunda Atlas, chombo ambacho kazi yake ni kuwasaidia waanzilishi wengine: fedha kidogo za kuanzia, ushauri, na kuwakutanisha. Leo mtandao huo una mamia ya taasisi katika nchi takriban 100. Wanaoupinga wanauona kama njia ya matajiri kusambaza itikadi moja duniani. Wanaouunga mkono wanauona kama shule ya waanzilishi. Wote wanakubaliana kwamba umefanya kazi.

Kenya inaujua mkondo huo. James Shikwati, aliyewahi kuwa mwalimu, aliandikiana na Mmarekani Lawrence Reed wa taasisi ya Mackinac ya Michigan, kisha mwaka 2001 akaanzisha Inter Region Economic Network mjini Nairobi. Mwaka 2005, katika mahojiano na jarida la Ujerumani Der Spiegel, alitaka misaada kwa Afrika ikome, na jina lake likasambaa dunia nzima. Mwanauchumi Jeffrey Sachs alimkosoa vikali. Kwa mwanzilishi wa hapa kwetu, mfano huo una angalizo: kusikika Berlin ni rahisi kuliko kusikika Busia. Jarida la nje litakuuliza kuhusu Afrika nzima. Mhariri wa nyumbani atakuuliza kuhusu bei ya sukari. Mjibu huyu wa pili kwanza.

Ratiba ya mwaka wa kwanza

*Miezi mitatu ya mwanzo:* andika ukurasa mmoja unaosema mnaamini nini, mnamwandikia nani na swali lenu la kwanza ni lipi. Mtafute mtendaji na mhariri. Unda bodi ya watu watano hadi saba, angalau mmoja asiyekubaliana nanyi kiitikadi.

*Mwezi wa nne hadi wa sita:* maliza usajili na vibali. Fungua akaunti yenye watia saini wawili. Chagua mkaguzi wa hesabu. Tafuta wachangiaji ishirini wa ndani kabla ya kumwandikia mfadhili wa nje.

*Mwezi wa saba hadi wa tisa:* chapisha andiko la kwanza, kurasa zisizozidi 40, na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili. Fanya mlo wa mchana mmoja. Tuma nakala kwa watu 200 waliochaguliwa kwa majina, na tunza orodha hiyo vizuri kuliko samani zote za ofisi.

*Mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili:* kusanya pingamizi, zijibu hadharani, anza andiko la pili. Chapisha hesabu na majina ya wafadhili. Kisha bodi iketi na iamue jambo ambalo waanzilishi wengi huliogopa: tarehe ambayo mwanzilishi ataachia nafasi yake, na jina la atakayekaimu akiondoka kesho. Mwaka 1988, wiki chache baada ya kupewa hadhi ya Sir na Malkia Elizabeth, Fisher alifariki San Francisco, na London maandiko yakaendelea kutoka kama kawaida. Bodi yako isipoweza kujaza jina hilo kwenye kumbukumbu za kikao, msichapishe andiko la tatu kabla ya kulipata.